Ole wa Nani?

Kwa Mswahili, ole ni neno la kutisha. Mtu akiambiwa "ole wako" hujua kuna jambo linamjia. Kwa Wamasai ni kiungo cha ukoo tu, na msomaji wa Kenya humtaja William ole Ntimama bila kujiuliza lile neno dogo la katikati linafanya nini pale. Norwei ya karne ya 19 ilikuwa na Ole wake: jina la mwanamume, la kawaida kama Juma kwetu. Mzee niliyekuwa nikimhudumia huko Minneapolis alikuwa akimtafuta Ole mmoja, mdogo wake babu yake. Aliponitajia jina nilicheka, kisha ikanibidi nimweleze kilichonichekesha. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi nyinyi mlijua toka mwanzo."

Nilikuwa zamu ya usiku katika nyumba ya wazee. Jina lake sitalitaja. Alikuwa mtu asiyelala, na mimi nililipwa nisilale, kwa hiyo tulifaana. Mji wenyewe ulikuwa umetuweka karibu kabla hatujajuana: mitaa ya Cedar na Riverside, ambako leo ukipita unasikia Kisomali, Kioromo na Kiswahili kwenye maduka ya chai, miaka mia moja na ushei iliyopita ilijaa Wanorwei, Waswidi na Wadenmaki waliokuwa wamefika na masanduku yao ya mbao. Walikuja vijana, wakapanga vyumba, wakafanya kazi zisizotakiwa na wenyeji, wakatuma hela nyumbani. Sina haja ya kuieleza zaidi hadithi hiyo. Naijua.

Mzee alikuwa na kompyuta ndogo na macho yaliyokwisha. Hifadhi ya taifa ya Norwei imevipiga picha vitabu vya sharika karibu vyote na kuviweka kwenye intaneti, katika Digitalarkivet, bure kwa kila mtu. Tatizo ni kwamba vimeandikwa kwa mwandiko wa kale wa Kigothi, ambao hata Mnorwei wa leo hausomi asipojifunza. Yeye alikuwa amejifunza ukubwani, siku hizo macho yakiwa bado mazima. Ikawa macho yangu, elimu yake. Mimi namwambia, "Hapa pana kitu kama ndoana, juu kina kitanzi na chini kina kitanzi." Yeye anasema, "Hiyo ni h." Namwambia kuna n mbili. Anasema moja ni e, maana e yao inafanana na n yetu, na u huvikwa kijitao kichwani isidhaniwe ni n. Tulisoma hivyo neno kwa neno, na kuna usiku tuliomaliza mstari mmoja tu.

Mtu akivizoea vitabu vile hushangaa jinsi mchungaji wa Kilutheri alivyomfuata muumini wake. Kipaimara kililazimishwa kwa sheria tangu 1736. Chanjo ya ndui ikafuata mwaka 1810, na asiyechanjwa hakupewa kipaimara wala kufungishwa ndoa. Kwa hiyo kuhusu kijana maskini wa bonde la Gudbrandsdalen, mtu ambaye hakuwa na ardhi wala jina nje ya bonde lake, tulijua siku aliyozaliwa, siku aliyobatizwa, nani walimdhamini, lini alichanjwa, na jinsi mchungaji alivyoupima ujuzi wake wa katekisimu. Sensa ya 1865 ilituambia zaidi: nyumbani kwao palikuwa na ng'ombe mmoja na kondoo wachache, na kipimo cha viazi walivyopanda mwaka ule kimeandikwa. Serikali ilitaka kujua mbegu. Mzee alinitaka nirudie ile safu ya mifugo mara mbili. "Ng'ombe mmoja," akasema, "na watoto sita."

Sasa jina. Hapa ndipo Wamarekani wengi wenye asili ya Norwei hukwama, na ndipo mtu wa Tanga kama mimi hahitaji kuelezwa. Baba yake Ole aliitwa Anders, basi yeye ni Ole Andersen na dada yake ni Andersdatter. Bin Anders na binti Anders, basi. Watoto wa Ole wasingekuwa Andersen, wangekuwa Olsen. Hakuna jina la ukoo linaloshuka kutoka juu kama mvua. Kila kizazi hujitambulisha kwa mtu aliyekizaa. Baada ya hapo likaja jina la shamba: Bakken, yaani mteremkoni; Haugen, kilimani; Vik, ghubani. Hilo lilikuwa anwani. Ukihama shamba unaliacha jina lake na kuchukua la unakokwenda. Mwanamume akioa na kuhamia kwenye shamba la wakwe alibeba jina la shamba la mke, jambo ambalo kwetu lingezua maneno barazani kwa mwezi mzima. Hata yule asiye na ardhi, aliyepewa kibanda na kijishamba cha viazi ili amfanyie kazi mwenye shamba, naye aliitwa kwa jina la shamba hilo. Ndiyo maana watu wawili wenye jina moja la shamba katika ukurasa mmoja huenda hawana hata tone la damu moja. Mmoja ni bwana, mwingine ni kibarua wake. Norwei haikuwalazimisha watu kushika jina moja la ukoo mpaka sheria ya 1923, na wakati huo wengi walishaondoka.

Waliondoka wangapi? Katika miaka mia moja kuanzia 1825, zaidi ya watu 800,000, kutoka nchi ambayo sensa ya 1865 ilihesabu wakazi 1,700,000 hivi. Wa kwanza walitoka Stavanger Julai 1825 kwa jahazi dogo liitwalo Restauration, watu 52, wakafika New York Oktoba wakiwa 53 maana mtoto alizaliwa baharini. Tunawajua vizuri kwa sababu walivunja sheria. Chombo kilikuwa kidogo mno kwa idadi ile, kikakamatwa, nahodha akatozwa faini, na ikabidi Rais John Quincy Adams mwenyewe awasamehe. Wangepakia kwa kiasi, huenda karatasi zao zingekuwa chache. Nimeliona hilo mara nyingi katika kazi hii ya kutafuta watu: karani huamka mtu anapokosea, anapodaiwa, anapokufa. Aliyepita kwa amani hapewi mstari.

Waliovuka katikati ya karne walipitia Quebec zaidi kuliko New York, kwa kuwa meli za Norwei zilipeleka watu na kurudi na mbao, na orodha za abiria za bandari ile zilizohifadhiwa zinaanza mwaka 1865. Aliyefika kabla ya hapo alishuka gatini bila jina, kwa maana ya karatasi. Ole wetu aliondoka baadaye, 1878. Katika kitabu cha usharika kuna safu ya waliohama, na hapo mchungaji ameandika jina, umri, na maneno mawili: kwenda Amerika. Amerika yote.

Watu hupenda kusimulia kwamba majina yalibadilishwa na makarani wa Ellis Island, kituo cha kuwapokea wahamiaji. Si kweli. Kituo kile kilifunguliwa 1892, na makarani wake walifanya kazi wakiwa na orodha zilizoandikwa tayari na kampuni za meli. Majina yalibadilika polepole, na mikono iliyoyabadilisha ilikuwa ya wenyewe: kwenye ofisi ya ardhi, kwenye duka la mkopo, kwa mwalimu wa shule aliyechoka kuwa na Ole Olsen watano darasani. Mtu anaulizwa jina lake la ukoo. Hana. Hajawahi kuulizwa swali hilo. Nyumbani aliulizwa wewe wa nani, akasema wa Anders. Akaulizwa wa wapi, akataja shamba. Hapa swali ni moja na linataka jibu moja litakalodumu mpaka kwa vitukuu. Mmoja anachagua baba, mwingine anachagua shamba la kuzaliwa, wa tatu anachagua shamba la mwisho alilofanyia kazi kwa kuwa ndilo lililoandikwa kwenye cheti alichopewa na mchungaji. Wote watatu wanasema kweli. Babu yake mzee wangu alichagua baba, akawa Anderson. Mdogo wake alikuwa hajulikani alichochagua.

Lakini kabla hatujafika huko palikuwa na jambo lingine, na ndilo lililokuwa limempoteza Ole kwa miaka hamsini. Mzee alikuwa na mti wa ukoo uliochorwa na binamu yake, na kwenye mti ule Ole alikufa mwaka 1855 akiwa na miezi saba. Maziko yameandikwa, ukurasa upo, nimeuona. Kwa hiyo kila mtu aliyeuona mti ule alimwacha Ole kaburini na kuendelea na wengine. Mzee peke yake ndiye aliyekumbuka kusikia, akiwa mtoto chini ya meza, watu wazima wakisema Ole "alikwenda magharibi". Mtoto wa miezi saba haendi magharibi.

Dada mmoja Mkikuyu tuliyekuwa naye zamu ndiye aliyelifungua fundo, wala hakujua kwamba amelifungua. Nilikuwa namhadithia jinsi Wanorwei walivyopeana majina: mtoto wa kwanza wa kiume humrithi baba wa baba, wa pili humrithi baba wa mama. Akacheka akasema, "Hao ni wetu," maana kwao mpangilio ni huohuo. Kisha akauliza, "Na kama huyo wa kwanza amefariki, babu ataachwa bila mtu?" Nikarudi chumbani kwa mzee mbio, kinyume cha kanuni za usiku. Bila shaka babu hakuachwa. Wanorwei walikuwa na desturi kwamba mtoto akifa, anayefuata wa jinsia ileile hulichukua jina lake, kwa sababu jina ni deni kwa babu na kifo cha mtoto hakilifuti deni. Tukafunua kurasa za ubatizo za 1856, hakuna kitu. Za 1857, Machi, alikuwapo: Ole, mwana wa Anders, mama yuleyule, kibanda kilekile. Ole wa pili. Karatasi ya marehemu ilikuwa imemmeza aliye hai.

Nilimwona mzee akilia usiku ule, na mimi si mtu wa kuandika machozi ya watu, nitapita.

Nimekuja kuichukia miti ya ukoo iliyopambwa. Siku hizi mtu hubonyeza mara tatu, na programu inamletea mababu wa watu wengine waliokwisha kunakili kwa wengine, na mti usipozuiwa hupanda wenyewe mpaka kwa mfalme. Nimeona miti mingi ya Minnesota inayofika kwa Mfalme Harald Hårfagre. Kwetu pwani pia tunaijua tamaa hii. Shajara ngapi za nasaba huruka karne mbili ili zikanyage Uarabuni? Sijaona mti hata mmoja ulioruka karne mbili ili ufike kwa kibarua mwenye ng'ombe mmoja.

Tulipompata Ole wa 1857 tukaanza kumtafuta upya upande huu wa bahari, na milango ilikuwa imefungwa mmoja baada ya mwingine. Sensa ya Marekani ya 1890 iliharibika karibu yote kwa moto uliozuka Washington Januari 1921, kwa hiyo kati ya 1880 na 1900 pana shimo la miaka ishirini, na miaka hiyo ndiyo vijana wa Norwei walikuwa wakitawanyika tambarareni. Minnesota ilifanya sensa zake yenyewe, 1885 na 1895, tukazipitia. Tukapitia madai ya ardhi ya serikali, ekari 160 kwa atakayekaa miaka mitano na kulima, kwa kuwa mgeni alitakiwa kwanza kutangaza nia ya kuwa raia na faili lake huwa na mengi. Ole Andersen na Ole Anderson walikuwa wa kumwaga. Wetu hakujitenga na wenzake.

Nikiwa nasoma mafaili yale ya ardhi nilimuuliza mzee ilikuwa ya nani kabla. Akanijibu bila kuzunguka: ya Wadakota. Mwaka 1862 walipigana, wakashindwa. Watu 38 kati yao walinyongwa kwa siku moja Mankato, Desemba 26, na majira yale ya baridi watu wapatao 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walizuiliwa chini ya ngome ya Fort Snelling, nusu saa kwa gari kutoka tulipokuwa tumekaa. Kisha wakafukuzwa kutoka jimboni. Sheria ya zile ekari 160 ni ya mwaka huohuo. "Nao wana orodha," mzee akasema. Walihesabiwa wakiwa wafungwa. Wajukuu wao leo huwatafuta mababu katika karatasi za askari waliowalinda.

Kuna mlango mmoja ambao yeye mwenyewe alinitaka nisiuguse kwa muda mrefu. Mwaka 1932 daktari Mnorwei, Ørnulv Ødegård, alichapisha utafiti uliolinganisha wahamiaji wa Norwei waliolazwa kwa maradhi ya akili katika hospitali ya Rochester, Minnesota, na watu waliobaki Norwei, akaona kwamba waliohama waliugua zaidi. Wengi waliopotea katika barua za nyumbani walikuwa nyuma ya kuta kama zile, wakiwa na majina kamili na tarehe, nyumbani wakidhaniwa wamesahau kuandika. Yeyote aliyewahi kuwa mgeni peke yake katika Januari ya Minnesota anaelewa bila kusoma utafiti. Usiku mmoja mzee alisema, "Haya, angalia." Nikaangalia kwenye faharasa iliyokuwa wazi. Hakuwamo. Sikujua kama nifurahi.

Nyumbani Norwei palikuwa na kitabu cha mirathi, ambamo mzazi akifa warithi wote hutajwa, na mara nyingi karani huandika kuhusu mmoja wao kwamba yuko Amerika, makazi hayajulikani. Nilimsimulia mzee kwamba wanazuoni wetu wana neno kwa mtu wa namna hiyo, mafkudi, asiyejulikana kama yu hai au amekufa, na kwamba fungu lake huwekwa kando, haligawiwi mpaka kadhi atoe hukumu. Alilipenda sana jambo hilo. Akataka kujua fungu huwekwa kwa nani. Anders, hata hivyo, hakuwa na cha kuwekwa. Maskini hawaachi mirathi, na kwa hiyo hawaachi karatasi.

Tulichofanya mwishowe ni kile ambacho mama yangu angefanya tangu siku ya kwanza. Ukimtafuta mtu huulizi habari zake. Huuliza ametoka na nani. Tukaacha kumtafuta Ole, tukaanza kutafuta majirani. Katika ukurasa uleule wa waliohama mwaka 1878, mistari miwili juu yake, palikuwa na binti wa shamba ambalo Ole alikuwa kibarua kabla ya kuondoka. Binti wa mwenye shamba ana karatasi. Tulimkuta ameolewa magharibi ya Minnesota, katika usharika wa Kilutheri wa Wanorwei ambao vitabu vyake vimepigwa picha. Mtoto wake wa kwanza alibatizwa tarehe 12 Juni 1881. Wadhamini ni watano, kama ilivyo desturi. Wa nne ni Ole, na jina lake la mwisho ni la shamba lile, shamba la baba wa binti.

Binti hakuwa na kaka aitwaye Ole. Tuliwahesabu ndugu zake wote. Basi huyu ni mtu aliyechukua jina la mahali alipovunjia mgongo wake, akalivusha bahari, akaalikwa kanisani kusimama karibu na beseni la ubatizo pamoja na binti wa bwana wake wa zamani, kama ndugu. Ni yeye, kwa kadiri mtu anavyoweza kujua. Katika sensa ya 1885 hayuko pale tena. Hayuko popote tulipotazama.

Ilikuwa saa kumi alfajiri. Mzee aliniomba nimsomee mstari ule tena, nikausoma. Akakaa kimya, kisha akaniuliza tarehe ile ilikuwa siku gani ya juma. Nikatafuta kwenye kalenda. Jumapili, nikamwambia.

"Basi siku hiyo alikuwa hai," akasema. "Na alivaa vizuri."